Taa ya UV kwenye chumba cha mboga: maswali kuhusu macho na ngozi

Siku hizi Mombasa si ajabu kukuta chumba cha ziada cha nyumba ya Tudor au Nyali kimegeuzwa shamba: rafu za saladi, mrihani, mnanaa na dania, maji ya mbolea yakizunguka kwenye mabomba, na taa za LED zikiwaka tangu alfajiri. Sasa kuna wanaoongeza na taa ndogo za urujuanimno, yaani UV, ili majani yakolee rangi na harufu. Haya ni maswali ya watu wanaoishi nyumba moja na taa hizo. Majibu yanamtanguliza mtu, mmea unafuata.

Taa yangu ya mimea inatoa mwanga wa zambarau. Hiyo si UV tayari?

Huenda siyo. Taa nyingi za zambarau au waridi ni mchanganyiko wa mwanga mwekundu na wa buluu. Mwanga ambao mmea huutumia kujitengenezea chakula una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 400 hadi 700 (nanomita ni sehemu ya bilioni moja ya mita), na huo macho yetu huuona. UV iko chini ya 400 na hatuioni. Imegawanywa mafungu matatu: UVA (nanomita 315 hadi 400), UVB (280 hadi 315) na UVC (100 hadi 280). Jua hutufikishia UVA kwa wingi na UVB kiasi. UVC ya jua huishia huko juu angani, haifiki kwetu.

Taa za bei nafuu zinazouzwa kwa jina la UV mara nyingi ni za nanomita 385 hadi 405, yaani mpakani kabisa. LED za UVB hasa ni ghali, na hutoa mionzi kidogo ukilinganisha na umeme zinaotumia. Kwa hiyo itazame namba kabla ya kutazama bei. Muuzaji akishindwa kukutajia nanomita za taa anayokuuzia, iache hapo hapo dukani.

Nasisitiza namba kwa sababu tofauti ndogo hubadilisha hatari kabisa. Tume ya kimataifa inayoshughulikia kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, ICNIRP, imeweka ukomo wa kiasi ambacho jicho na ngozi vinaweza kupokea kwa siku ya kazi ya saa 8. Kwa mionzi ya nanomita 310, ukomo ni jouli (kipimo cha nishati) 2,000 kwa kila mita ya mraba. Kwa nanomita 300 unashuka hadi jouli 100. Kwa 270 ni jouli 30 tu. Umeshuka nanomita 10 za kwanza, na tayari kiasi unachoruhusiwa kimepungua mara 20.

Na mmea wenyewe unafaidika?

Unafaidika kwa namna fulani. Mimea ina protini iitwayo UVR8 inayohisi UVB. Ikishtuliwa, mmea hujitengenezea kinga yake: viungo vya rangi na vya harufu ambavyo kazi yake mojawapo ni kuzuia mionzi isiunguze majani. Ndiyo maana saladi nyekundu hukolea wekundu, na mrihani huweza kuongeza mafuta yanayoupa harufu. Lakini usitegemee kilo zaidi. Mara nyingi mmea hubaki mfupi na kujikusanya, na ukizidishiwa mionzi majani huungua na kukauka kingo.

Nami nina la kusema hapa. Mji wetu uko karibu nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na kipimo cha UV cha jua la mchana hupita 11 mara kwa mara, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiita cha kupindukia. Kabla hujatoa pesa kununua UVB ya kiwandani, jaribu kupandisha miche kwenye paa kwa muda mfupi asubuhi, ukiongeza kidogo kidogo ili isiungue. Dirishani haitoshi, kwa kuwa kioo cha kawaida huzuia karibu UVB yote. Mwenye paa au roshani hana sababu kubwa ya kuingiza hatari hii chumbani.

Mume wangu hushinda humo ndani na anasema hahisi kitu. Basi si salama?

Kutohisi ndiko kunakowaponza watu. Mwanga mkali unaoonekana hukufanya ufumbe macho na mboni zifinyike. UV haikupi onyo hilo. Taa ya UVB inaweza kuonekana hafifu, ya zambarau iliyofifia, huku ikiunguza. Kibaya zaidi, mtu huisogelea ili aone kama inafanya kazi.

Kinachoungua kwanza ni konea, utando angavu wa mbele ya jicho. Seli zake za juu hufa na kubanduka, lakini si papo hapo. Maumivu huchelewa, kwa kawaida muda wa saa 6 hadi 12. Mtu anapunguza mrihani saa kumi jioni, anakula, analala. Saa nane usiku anaamka akihisi mchanga machoni, machozi yanamtiririka, macho mekundu, hata mwanga wa simu hauvumiliki. Wala hakumbuki taa. Anadhani ni vumbi au maradhi ya macho yanayoambukiza. Mafundi wa kuchomelea vyuma wanalijua vizuri jambo hili, maana ule mwanga mkali wa kuchomelea hutoa mionzi ya jamaa hiyo hiyo.

Ukiungua mara moja tu, jicho hupona. Wasiwasi wangu ni kwa anayeungua kidogo kila siku kwa miaka. UV huchangia mtoto wa jicho na kile kinyama kinachoota pembeni mwa jicho, ambacho wavuvi wetu wengi wanacho. Kuna pia saratani ya utando unaofunika weupe wa jicho. Saratani hiyo ni adimu sehemu nyingi za dunia lakini huku Afrika Mashariki hupatikana zaidi, na mwenye virusi vya Ukimwi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuipata. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka UVA, UVB na UVC zote katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo mwambie mumeo, kwa upole lakini bila kuzunguka: taa ya UV izimwe kabla hajaingia.

Macho yameshaanza kuuma. Nifanye nini usiku huu?

Toka chumbani. Kama umevaa lenzi za machoni, zivue. Kaa pasipo na mwanga, weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, na umeze dawa ya kawaida ya maumivu kama parasetamoli kwa kipimo chake. Usisugue, hata kama unawashwa vipi.

Usitie maziwa ya mama, asali, maji ya kiazi wala chai. Najua tiba hizi hupendekezwa kwa nia njema na watu tunaowaheshimu, lakini konea iliyobanduka ni kidonda wazi, na kitu kisicho safi huingiza vijidudu. Usitumie pia matone yaliyobaki ya mtu mwingine: mengine yana steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ambayo huweza kuharibu jicho lenye vijidudu. Na ukikutana na matone ya ganzi usiyageuze kuwa dawa ya nyumbani. Hutuliza kwa dakika chache, ila ukiyarudia huzuia konea kupona.

Kwa kawaida nafuu hupatikana ndani ya saa 24 hadi 72. Ukiona ukungu, maumivu yakiwa makali kupita kiasi, usaha ukitoka, au siku ya pili ikifika bila nafuu, nenda kitengo cha macho; Hospitali Kuu ya Pwani ipo, na ziko kliniki nyingine za macho mjini. Ukifika, taja taa. Usipoitaja, atakayekupima anaweza kukutibia ugonjwa mwingine.

Ngozi yangu ni nyeusi na nimezaliwa kwenye jua hili. Taa itanifanya nini?

Melanini, ile rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi, ni kinga ya kweli, hakuna ubishi, na watu weusi hupata saratani ya ngozi kwa nadra kuliko weupe. Lakini inapunguza tu, haizuii yote, na konea haina melanini kabisa. Halafu jua liko mbali juu, nawe una kivuli na mwembe wa kujificha. Taa iko sentimita 40 kutoka usoni mwako. Ukiinama nusu ya umbali huo, mionzi ya taa ndogo inayokufikia huongezeka karibu mara nne.

Nani asiingie kabisa taa ikiwaka?

Mtu yeyote. Lakini wapo ambao hata dakika chache ni nyingi kwao. Mwenye ualbino ni wa kwanza. Mwenye ugonjwa wa lupasi pia, kwa sababu UV huuamsha. Watoto, ambao lenzi za macho yao hupitisha UV zaidi kuliko za mtu mzima. Na wanaotumia dawa zinazoifanya ngozi iwe nyepesi kuungua: doksisaiklini, siprofloksasini, dawa zenye salfa kama septrini, na haidroklorothayazaidi wanayopewa wengi wenye presha. Usiache dawa kwa sababu ya taa. Zima taa.

Miwani ya jua haitoshi?

Haitoshi. Mingi iko wazi pembeni, na mingine ni urembo tu: inatia giza, mboni zinapanuka, na UV inapita. Tafuta miwani ya kinga inayoziba pembeni na kukaza usoni, yenye alama ya EN 170 au U6. Ya polikaboneti, yaani plastiki ngumu, hukinga vizuri hata kama haina rangi. Mikono mirefu na glavu pia. Kanga nyepesi iliyochakaa hupitisha mionzi. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana, cha rangi nzito, huzuia zaidi. Buibui zito linakinga mwili, lakini uso na macho hubaki.

Vifaa hivi ni vya dharura, si ruhusa ya kufanya kazi chini ya taa.

Basi chumba kipangwe vipi?

Usiitegemee kumbukumbu ya mtu. Mwambie fundi wa stima aweke swichi ya mlangoni, kama ya friji lakini kinyume: mlango ukifunguliwa, UV inazimika yenyewe. Mwangaza wa kawaida uwe kwenye laini yake ili usiachwe gizani. Weka na taima, UV iwake muda mfupi ambao hakuna mtu anayehitaji kuingia.

Tazama kuta. Foili na zile karatasi zinazong'aa ndani ya mahema ya mimea hurudisha UV kwa wingi, kwa hiyo unaweza kuungua bila kuitazama taa hata mara moja. Rangi nyeupe ya kawaida ya ukutani, ambayo aghalabu ina titani, huonekana inang'aa vilevile lakini humeza UV nyingi. Mimea haipotezi kitu cha maana, na wewe unakingika.

Kuna umeme pia. Stima yetu ni volti 240, maji yenye mbolea hupitisha umeme vizuri, hewa ya bahari inakula viungio vya chuma, na UV yenyewe hukausha plastiki ya nyaya hadi ipasuke. Lazima kuwe na swichi inayokata umeme ukivuja, na nyaya zikaguliwe mara kwa mara.

Halafu kuna dada wa kazi. Yeye ndiye anayeingia kufagia na kufuta rafu, naye hakuona kijitabu cha maelezo wala hakuulizwa taa inunuliwe au la. Mweleze ana kwa ana, umwoneshe swichi, na ubandike onyo kwa Kiswahili mlangoni: Taa ya UV, usiingie ikiwaka. Afya yake iko mikononi mwa aliyeifunga taa.

Nina taa ya kuua viini ya wakati wa korona. Naweza kuitumia kwa mimea?

Hapana. Hiyo ni UVC, nyingi ni za nanomita 254. Inaunguza majani na macho kwa haraka, na baadhi hutoa gesi ya ozoni inayokera kifua, hasa cha mwenye pumu. Ndani ya hizo za nanomita 254 kuna zebaki. Ikivunjika, toa watu, fungua madirisha, okota vipande kwa karatasi ngumu ukiwa na glavu, uvifunge kwenye mtungi. Usitumie ufagio.

Mboga zilizomulikwa zinabaki na mionzi?

Hazibaki. UV ni mwanga. Taa ikizimwa imekwisha. Osha mboga kama kawaida, ule.

Nikikaa chini ya taa hiyo si nitapata vitamini D?

UVB hutengeneza vitamini D kwenye ngozi, lakini taa ya mimea haina kipimo cha mtu, na utaungua kabla ya kujua umepata kiasi gani. Kama daktari amekuambia unapungukiwa, atakupa vidonge.

Kama ni chakula, UV inasaidia kwenye uyoga. Uyoga una ergosteroli, ambayo UVB huigeuza kuwa vitamini D2. Ukate vipande, uutandaze kwenye ungo, uuanike kwenye jua la mchana kati ya dakika 15 na saa 2, kisha uupike. Juani nje, si nyuma ya kioo cha dirisha.