Mpaka Ukihama, Ndege ya Kuunganisha Inaguswa Vipi? Dhana Potofu na Ukweli

Nchi ikijiunga na umoja fulani, ikijitenga au ikikosana na jirani yake, wenye tiketi za kuunganisha ndege huanza kuulizana maswali, na majibu wanayopeana mara nyingi yana makosa. Hili linaniuma, kwa sababu anayeumia ni abiria anayezuiwa kwenye kaunta huku ndege aliyoilipia ikiondoka. Kosa huanzia mahali pamoja: watu hudhani mpaka ni mmoja. Kwa msafiri wa ndege iko mitatu. Upo wa kwenye ramani, upo wa kibanda cha uhamiaji, na upo wa angani, na yote mitatu ni nadra kuhama kwa pamoja.

Dhana: Mpaka ukibadilika, unabadilika siku moja kwa wote.

Kroatia iliingia katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, tarehe 1 Januari 2023. Siku hiyo ukaguzi wa barabarani kati yake na majirani wa Schengen uliondolewa, lakini kwenye viwanja vya ndege pasipoti ziliendelea kukaguliwa hadi 26 Machi. Kwa Romania na Bulgaria, viwanja vya ndege na bandari viliondolewa ukaguzi 31 Machi 2024, na barabara zikasubiri hadi 1 Januari 2025.

Tarehe hizo mbili za Machi hazikuja kwa bahati. Zote ni Jumapili ya mwisho ya mwezi, siku ambayo mashirika ya ndege duniani huanza ratiba ya kiangazi. Abiria wa ndani ya Schengen hawaruhusiwi kuchanganyika na wa nje, kwa hiyo uwanja hulazimika kupanga upya malango, korido na hata mabasi ya kupeleka watu kwenye ndege. Kazi hiyo haifanywi katikati ya ratiba.

Dhana: Mimi napita tu, sitoki uwanjani, viza hainihusu.

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Chukua abiria anayetoka nje ya Ulaya, anashukia Frankfurt, anaunganisha Bucharest, mji mkuu wa Romania, kisha anaendelea hadi Chișinău, mji mkuu wa Moldova. Kabla ya 31 Machi 2024, hakuhitaji kuingia Ujerumani. Alibaki eneo la wapitaji pale Frankfurt, kwa kuwa Bucharest ilihesabika kuwa nje ya Schengen. Tangu siku ile, safari ya Frankfurt hadi Bucharest ni ya ndani. Abiria huyohuyo, kwa njia ileile, sasa anaingia Schengen akiwa Frankfurt na kutoka akiwa Bucharest. Kama uraia wake unadai viza, anahitaji viza kamili ya Schengen. Ile ya kupita uwanjani haimtoshi.

Na hata asiyehitaji viza ameguswa. Zamani foleni ya pasipoti ilimkuta Bucharest. Kama safari yake iliishia hapo, aliweza kukawia kwenye foleni bila hasara kubwa. Sasa foleni hiyo iko Frankfurt, katikati ya muda wake wa kuunganisha. Dakika zilizokuwa zikitosha huenda zisitoshe tena.

Kuna pia nchi 12 ambazo raia wake, isipokuwa wenye vibali fulani, hutakiwa kuwa na viza ya kupita uwanjani katika nchi zote za Schengen hata wasipovuka uhamiaji, zikiwemo Nigeria, Ethiopia, Pakistan na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Marekani nayo haina eneo la wapitaji wa kimataifa kabisa: kila anayeshuka huko hupita uhamiaji, hata kama ndege yake ya pili inaondoka baada ya saa mbili kwenda nchi nyingine.

Dhana: Bendera ikibadilika, safari ya nje inageuka ya ndani, au kinyume chake.

Wakati mwingine ni kweli. Chekoslovakia ilipogawanyika tarehe 1 Januari 1993, safari ya Prague hadi Bratislava ikawa ya kimataifa usiku mmoja. Lakini Hong Kong ilirudi kwa Uchina tarehe 1 Julai 1997, na hadi leo anayeruka kutoka huko kwenda Beijing hupita uhamiaji. Dublin ni mfano wa ajabu zaidi: maofisa wa Marekani hukagua abiria hukohuko Ireland, na ndege ikitua Marekani abiria wanashuka kama waliotoka mji mwingine wa nchi hiyo.

Dhana: Brexit ndiyo iliyoleta ukaguzi wa pasipoti kati ya London na Ulaya.

Brexit ni Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, lakini Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya Schengen, hivyo ukaguzi ulikuwepo tangu zamani. Kilichobadilika ni haki. Mwenye pasipoti ya Uingereza sasa anahesabiwa siku 90 za kukaa Schengen ndani ya kila siku 180. Mashirika ya Uingereza nayo yalipoteza ruhusa ya kurusha ndege kati ya miji miwili ya Umoja wa Ulaya, na ndiyo sababu easyJet ilifungua kampuni Austria mwaka 2017, mapema kabla mlango haujafungwa.

Dhana: Anga humfuata mwenye ardhi.

Mkataba wa Chicago wa 1944 unasema hivyo: kila nchi inamiliki anga iliyo juu yake. Utekelezaji ni jambo jingine. Kosovo ilitangaza uhuru mwaka 2008, lakini anga yake ya juu ilibaki imefungwa hadi 3 Aprili 2014, na ilipofunguliwa waliokabidhiwa kuiongoza ni Wahungaria, kutoka Budapest. Ndege za kwenda uwanja wa Ercan, kaskazini mwa Kupro, hutua kwanza Uturuki, kwa sababu nchi nyingine hazitambui utawala wa huko.

Anga inaweza pia kufungwa bila mpaka wowote kuhama. Urusi ilipoyafungia anga yake mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Finnair, shirika la ndege la Finland, kutoka Helsinki hadi Tokyo ilirefuka kutoka kama saa 9 na nusu hadi karibu 13, na mpango mzima wa kuunganisha abiria wa Asia pale Helsinki ukayumba.

Dhana: Likitokea lolote, shirika litabeba gharama.

Kama safari yote iko kwenye tiketi moja na ratiba imevurugika, shirika hukutafutia ndege nyingine. Ila hati ni jukumu lako. Anayezuiwa kupanda kwa kukosa viza hana fidia, hata kama sheria ilibadilika baada ya kununua tiketi. Mwenye tiketi mbili tofauti yuko pabaya zaidi: mara nyingi mzigo wake haupitilizwi, kwa hiyo analazimika kuvuka uhamiaji kwenda kuuchukua na kuukabidhi upya, na hapo viza inadaiwa hata katika uwanja wenye eneo la wapitaji.