Bango la kauboi wa sinema bubu: anza na futi, bei baadaye

Anayekuuzia bango la Tom Mix au William S. Hart, waigizaji wa kauboi enzi za sinema bubu, yaani filamu zisizo na sauti, ataanza kukusifia rangi. Mwache aseme, wewe toa futi ya kupimia. Bango la kawaida la kubandikwa nje ya ukumbi enzi zile, la karatasi moja, lilikuwa inchi 27 kwa 41. La karatasi tatu ni 41 kwa 81, la karatasi sita 81 kwa 81. Kadi za dirishani ni 14 kwa 22, na zile ndogo za ukumbini, ambazo kwa kawaida zilitoka kwa seti ya 8, ni 11 kwa 14. Tofauti ya robo inchi isikutishe. Lakini ukikuta 27 kwa 40 kamili, hicho ni kipimo cha miongo ya karibuni: ama bango limekatwa ukingo, ama limechapwa juzi. Na 24 kwa 36 ni pambo la ukutani tu, hata likizeeshwa kwa chai.

Kisha tazama mikunjo. Mabango yalisafirishwa kwenda kwenye kumbi yakiwa yamekunjwa, kwa kawaida mara tatu kwa kulala na mara moja kwa kusimama, hivyo ukilifungua unaona vipande 8. Wanunuzi wengi wapya huikimbia mikunjo, mimi huitafuta. Bango la 1918 lililonyooka kabisa linahitaji maelezo. Kuna nakala zilizopigwa picha kutoka kwenye bango halisi, mikunjo ikachapwa pamoja na mchoro. Pitisha ncha ya kidole taratibu juu ya mstari. Jicho linaona mkunjo, kidole hakioni kitu: hiyo ni nakala.

Ushahidi mzito uko kwenye wino. Mabango makubwa ya wakati huo yalichapwa kwa lithografia, kila rangi na jiwe lake au bamba lake la zinki, na mchoraji akichora kwa chaki ya mafuta. Kampuni za Otis na Morgan za Cleveland na Ritchey ya New York zilichapa mengi, na jina la mchapaji huwa chini, ukingoni. Tumia lensi ya kukuza mara 10. Kwenye shavu la kauboi utaona chembechembe za chaki zisizo na mpangilio, kubwa kwa ndogo. Kwenye nakala utaona vitone vilivyopangwa safu kwa safu, vikikutana kama maua madogo. Tahadhari moja: kadi za ukumbini zilitokana na picha za kamera, nyingi zikiwa za rangi ya kahawia, kwa hiyo usizihukumu kwa kipimo cha chaki.

Zima taa, washa tochi ya urujuanimno (UV). Dawa za kung'arisha karatasi zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo karatasi ya 1915 haitoi mng'ao wa samawati. Ikiwa bango limebandikwa kwenye kitambaa, mulika upande wa mbele tu, maana karatasi ya mgongoni ni mpya na itawaka.

Lipo pia tatizo la mabango halisi yenye umri wa uongo. Filamu ya Hart, Tumbleweeds, ilitoka 1925 kupitia United Artists, ikarudishwa kumbini 1939 na Astor Pictures, Hart mwenyewe akiongea mwanzoni. Bango linalotaja Astor ni halali, ila lilipie kama bango la 1939, si la 1925. Vilevile, National Screen Service ilishika usambazaji wa mabango ya studio kubwa kuanzia 1940. Ukikuta jina lake au namba yake pembeni chini, hilo si bango la onyesho la kwanza la filamu bubu.

Kuhusu uhaba, moto wa ghala la kampuni ya filamu ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, Julai 1937, uliteketeza sehemu kubwa ya filamu bubu za kampuni hiyo, zikiwemo za Tom Mix na Buck Jones. Kwa baadhi, bango na picha chache ndivyo vilivyobaki, na wauzaji wanalijua hilo. Filamu za Bill Pickett, kauboi mweusi aliyeigizia kampuni ya Norman ya Jacksonville mwanzoni mwa miaka ya 1920, zina mabango mazuri mno. Mchoro wa The Bull-Dogger unapatikana mtandaoni na hauna tena hakimiliki Marekani, kwa hiyo nakala zimejaa sokoni. Kuziuza si kosa. Kosa ni kuziita halisi.

Kubandika kwenye kitambaa kunakubalika kukifanywa sawasawa: pamba iliyovutwa kwenye fremu, karatasi isiyo na asidi juu yake, kisha bango, vyote kwa gundi ya unga wa ngano inayoweza kubanduliwa kwa maji. Kabla ya maji, rangi hujaribiwa kwa pamba yenye unyevu pembeni, kwa sababu baadhi ya wino, hasa mwekundu, huvuja. Bango likikaushwa haraka hupasuka au kujikunja. Gundi ya kuyeyushwa kwa pasi ikatae kabisa, na selotepu pia. Daima omba picha za kabla ya ukarabati. Ukingo uliojazwa si neno, lakini uso wa mwigizaji uliopakwa upya sinunui.

Kwa walio Mombasa, Zanzibar au Dar, adui ni unyevu. Ukizidi asilimia 65 kwa muda, kuvu huanza, na mende hupenda gundi ya ngano kuliko wewe unavyolipenda bango. Kwenye fremu, acha nafasi ya milimita kadhaa kati ya kioo na karatasi, la sivyo wino utaganda kwenye kioo. Kiyoyozi cha kuwashwa usiku na kuzimwa mchana hutanua na kubana karatasi kila siku. Afadhali chumba kikavu chenye hali isiyobadilika.

Ukiagiza kwa posta, lililobandikwa kitambaa lizungushwe kwenye bomba pana, angalau sentimita 10. Lisilobandikwa, ikiwa karatasi imekauka na kuwa kama biskuti, lisizungushwe hata kidogo. Mwambie muuzaji aliache limekunjwa lilivyo, katikati ya kadibodi mbili ngumu, na likifika usilifungue siku hiyo.