Ukuta wa mtoto kupanda: laza plaiwudi, usiisimamishe

Wazazi wanaokuja karakana kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, kutaka ukuta wa mtoto kupanda huwa na picha kwenye simu. Ukuta umegusa dari, vishikio vya rangi zote, mtoto yuko juu kabisa anacheka. "Fundi, nataka kama huu." Nauliza mtoto ana umri gani. Mwaka na nusu, miaka miwili. Basi naichukua simu, naigeuza ubavu, namrudishia mwenyewe: kwa huyu wako, uwe hivi.

Plaiwudi yetu ya kawaida ni futi 8 kwa 4. Ukiisimamisha, umempa mtoto mdogo mita 2.4 za kupanda na kuangukia. Ukiilaza, una ukuta wa kimo cha mita 1.2 tu, ila una mita 2.4 za kutambaa kwa ubavu, kutoka kona hadi kona, mikono na miguu ikipokezana. Kazi ya misuli na akili haipungui. Kinachopungua ni anguko. Mtoto wa umri huu anajua kupanda miezi mingi kabla hajajua kushuka; akifika juu anaganda, analia, kisha anaachia. Kwenye ukuta uliolala, kushuka ni kuteremsha mguu mmoja.

Na haja ya kitu hiki ndani ya nyumba ipo, hasa kwetu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linataka mtoto wa mwaka 1 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kujishughulisha na mwili kila siku. Mbeya mvua inaanza Novemba na kutufikisha Aprili, halafu Juni na Julai baridi inafunga milango. Watoto wanabaki sebuleni wakipanda makochi na kabati la televisheni.

Sasa ukuta wa nyumba wenyewe. Nyumba nyingi huku ni za matofali ya kuchoma, na nyingi zimejengwa kwa udongo, saruji ikaja kwenye plasta tu. Kwa hiyo ukuta unaweza kuonekana imara huku katikati ya tofali na tofali hamna cha kushika boliti. Toboa kwa drili utazame unga unaotoka. Kwanza utatoka wa kijivu, hiyo ni plasta. Baada ya hapo ukitoka mwekundu mkavu, na drili inabisha, uko kwenye tofali. Ukitoka wa kahawia na drili ikazama yenyewe, hicho ni kiungo cha udongo, sogea. Mimi kwanza nafunga mbao za inchi mbili kwa nne zilizosimama, tano kwa upana wote, kila moja kwa boliti tatu zilizoingia kwenye matofali tofauti, ndipo plaiwudi inakaa juu ya hizo mbao. Nyumba ambayo siiamini ukuta wake, boliti ndefu inapita hadi upande wa pili na kukazwa juu ya bamba la chuma. Mwenye nyumba hafurahii bamba chumbani kwake, lakini hapo sibishani.

Plaiwudi iwe ya milimita 18. Ile yenye uso mweusi ya kumwagia zege ni imara, lakini inateleza. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, sitaki hata kuisikia, inavimba kwa unyevu na haishiki.

Kuhusu mbao nina neno moja zito. Huku hatuko mbali sana na shamba la miti la Sao Hill, misindano imejaa Mufindi nzima, na mbao za paa zilizotiwa dawa ziko kila yadi. Zile zenye ukijani. Dawa hiyo kwa kawaida ni ya shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Marekani viwanda viliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani, pamoja na vifaa vya michezo ya watoto, mwishoni mwa 2003. Juu ya paa inafanya kazi yake vizuri. Kwenye kitu ambacho mtoto atakishika halafu anyonye vidole, hapana. Usikubali vipande vilivyobaki kwenye ujenzi wa paa, hata ukipewa bure. Chukua mbao isiyo na dawa, iliyokauka, mbichi itajipinda.

Vishikio ndiyo kazi ninayoipenda. Natumia vipande vya mninga vinavyobaki kwenye milango. Urefu sentimita 10, unene 4, na juu nachimba mfereji wa sentimita moja ili vidole vidogo vinase. Nyuzi za mbao zifuate urefu wa kishikio. Ukizikata kinyume, kitapasuka palepale kwenye tundu la boliti. Msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, hadi ukikipitisha shavuni hakikwaruzi. Vanishi sipaki, inateleza.

Kila kishikio kina boliti ya milimita 10 yenye washa pana nyuma, na skrubu moja pembeni ya kukizuia kisizunguke. Vya miguu nafunga kati ya sentimita 15 na 60 kutoka sakafuni, si zaidi. Namba 60 haikutoka kichwani mwangu: viwango vya Ulaya vya vifaa vya michezo, EN 1176, vinadai sakafu ya kupunguza kishindo pale anguko linapozidi sentimita hizo. Vya mikono viwe kati ya 75 na 110. Kutoka kimoja hadi kingine, sentimita 20 au 25.

Ukitoboa matundu mengi ili uwe unahamisha vishikio, yaliyo matupu yazibe. Tundu la boliti hiyo linaingia kidole cha mtoto, na kidole kikinasa mwili ukaanguka, matokeo yake unayajua.

Chini weka godoro gumu la inchi 4, lisukumwe hadi liguse ukuta. Godoro laini lililochoka linameza kifundo cha mguu. Jiko la mkaa lisiwe chumba hicho kabisa, na kamba yoyote isining'inie hapo.

Mavazi: peku. Bibi mmoja wa Uyole aliniambia, "Mwanangu, huyu utamwua kwa baridi." Nikamjibu, "Shikamoo bibi, atavaa soksi akimaliza." Soksi kwenye mbao ni utelezi mtupu. Sweta zenye kofia na kamba za shingoni vua pia, zinanasa kwenye vishikio.

Usimnyanyue kumweka juu. Afike kwa mikono yake. Kaa karibu, mkono nyuma ya mgongo bila kumgusa, na akiganda shika mguu wake uuelekeze kwenye kishikio cha chini.

Kiangazi mbao zinasinyaa na nati zinalegea, kwa hiyo kila mwezi pita na spana namba 17, na kuanzia Agosti kila wiki. Kishikio kinachozunguka ukikishika kwa mkono wako, king'oe siku hiyohiyo na tundu lake uzibe.