Kulisubiri boksi la mwaka 2000

Kila mwaka, pengine mara mbili, mtu huniuliza swali lilelile: "Hivi ule mchezo wa Star Wars, ule wenye kasri la ghorofa, utachapishwa tena lini?" Huwa najua anauzungumzia upi hata kabla hajamaliza. Ni Star Wars: The Queen's Gambit, uliotolewa na kampuni ya Avalon Hill mwaka 2000, mwaka mmoja baada ya filamu ya Episode I kuingia kwenye majumba ya sinema. Ulichapwa, ukauzwa, ukaisha, na toleo la pili halikuja. Ukitaka nakala leo itabidi umbembeleze aliyenayo, na aliyenayo anajua vizuri alicho nacho. (Ukiutafuta mtandaoni andika na "Star Wars" mbele, la sivyo utaletewa tamthilia ya chesi ya 2020 yenye jina hilohilo.)

Mimi huandaa michezo ya mezani kabla haijaingia kiwandani. Nakagua faili za kuchapa, napiga hesabu za gharama, nabishana na mafundi wa kalibu. Nami pia nausubiri mchezo huu. Ila kadiri ninavyoijua kazi yangu ndivyo ninavyoona kwamba wengi wetu tumekaa kituoni ambako basi hili halipiti.

Kwanza, unastahili kusubiriwa? Kwangu, ndiyo. Mapambano manne yanakwenda kwa pamoja juu ya meza moja: Wagungan, wenyeji wa sayari ya Naboo, wanakabili jeshi la droidi (roboti za vita) uwandani, Malkia Amidala na watu wake wanapanda kasri la mji wa Theed, Qui-Gon na Obi-Wan, mashujaa wawili wa Jedi, wanapigana na adui yao Darth Maul, na juu angani mtoto Anakin anaiwinda meli inayoziongoza zile droidi. Kila raundi unachagua karata nne, unazipanga kifudifudi, moja juu ya nyingine, kisha wewe na mwenzako mnazifunua kwa kupokezana. Utamu wote uko hapo. Karata ya tatu uliyoipanga kwa akili nyingi inafunuka wakati mpinzani keshageuza mambo upande mwingine kabisa, na huwezi kuirudisha mkononi. Una mioto minne na ndoo moja. Ukishughulika kumwokoa Obi-Wan, kasri linakuponyoka. Ukikimbilia kasri, Anakin hasogei.

Sasa, wapenzi wa mchezo huu huamini kwamba tukipiga kelele za kutosha mchapishaji atasikia. Shida ni kwamba hakuna mtu mmoja wa kupigiwa kelele. Boksi lile limefungwa kwa kufuli mbili na funguo ziko kwenye mifuko tofauti. Kufuli ya kwanza ni ya filamu: majina, meli, sura, nembo. Hiyo ni mali ya Lucasfilm, ambayo Disney iliinunua mwaka 2012 kwa dola bilioni 4 na ushee. Ya pili ni ya mchezo wenyewe kama kazi iliyochapwa: maneno ya kitabu cha sheria, michoro ya ubao, muundo wa karata. Hiyo ni ya Hasbro, iliyoinunua Avalon Hill mwaka 1998. Na leseni za filamu kubwa hazitolewi kwa mkupuo. Hugawanywa mafungu mafungu: huyu vinyago vya watoto, yule michezo ya video, mwingine michezo ya mezani ya watu wazima, kila fungu na muda wake. Fantasy Flight Games ilipata fungu lake la Star Wars mwaka 2011, na humo ndimo zilimotoka Imperial Assault ya 2014 na Rebellion ya 2016. Matokeo yake, mwenye mchezo wa zamani ni mmoja na aliyezoea kuchapa michezo ya aina hiyo ni mwingine.

Halafu kuna nyuso. Kibali cha kutumia filamu si lazima kiwe kibali cha kuchapa uso wa mwigizaji kwenye karata. Mara nyingi uso unahitaji ridhaa yake peke yake, na yule aliyeridhia kwa toleo la kwanza anaweza kukataa la pili. Ndiyo maana mchezo uliojengwa juu ya kitabu una afya kuliko uliojengwa juu ya filamu. War of the Ring, uliotoka 2004, ulichukua riwaya ya The Lord of the Rings na si sinema zake, ukapambwa kwa michoro ya John Howe. Mchapishaji wake wa awali alipoanguka, Ares Games iliuinua mwaka 2011 kwa toleo la pili ambalo bado linachezwa. Hapakuwa na uso wa mtu wa kuombea ruhusa upya.

Lakini jambo ninalolitazama kabla ya yote hayo, na ambalo sioni likisemwa vya kutosha, ni hili: aliyebuni mchezo alikuwa nani kwa mchapishaji?

Mbunifu wa kujitegemea mwenye mkataba mzuri huwa na kifungu kinachosema kwamba mchezo usipochapwa kwa muda fulani, haki zinamrudia. Anazichukua anazunguka nazo. Dune ndio mfano wangu wa siku zote. Bill Eberle, Jack Kittredge na Peter Olotka waliubuni kutokana na riwaya ya Frank Herbert, Avalon Hill wakautoa 1979, kisha ukapotea kwa miaka mingi. Fantasy Flight walifanikiwa kupata haki za mchezo lakini si leseni ya ulimwengu wa Herbert, hivyo mwaka 2012 wakatoa mifupa ileile ikiwa imevishwa nguo nyingine, jina Rex: Final Days of an Empire. Ilikuwa kazi nzuri, na watu waliendelea kuulilia ule Dune wa jangwani. Hatimaye kampuni ya Gale Force Nine walipata vyote viwili, na Dune ukarudi mwaka 2019, miaka 40 baada ya toleo la kwanza. Filamu mpya ilikuja 2021, mchezo uliitangulia. (Parker Brothers nao walitoa mchezo tofauti kabisa wa Dune mwaka 1984, uliofungwa kwenye filamu ya mwaka ule. Sijawahi kukutana na mtu anayeulilia.)

Miongoni mwa waliobuni The Queen's Gambit ni Rob Daviau na Craig Van Ness, na wakati huo walikuwa kwenye mshahara wa Hasbro. Mwajiriwa hana kifungu cha kurudishiwa. Kazi yake ni mali ya kampuni siku anayoiandika na hata baada ya yeye kuondoka. Hakuna mbunifu anayeweza kuuchukua mchezo ule na kugonga mlango mwingine. Nikishajua hilo, matumaini yangu hushuka zaidi ya nusu, hata kama leseni ingepatikana kesho.

Tuseme imepatikana. Tuseme funguo zote mbili ziko mezani. Hapo ndipo kazi yangu inapoanza, na hapo watu huamini kwamba kuchapa upya ni kubonyeza tu kitufe.

Kijisanamu cha plastiki hutoka kwenye kalibu ya chuma. Plastiki iliyoyeyuka inasukumwa ndani kwa shinikizo, inapoa, kalibu inafunguka. Kalibu ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika mchezo kama huu, na The Queen's Gambit ulijaa vijisanamu hadi juu. Kalibu za mchezo uliokwisha hukaa kwenye ghala la kiwanda. Hupata kutu. Kiwanda huhama au hufungwa, na chuma huuzwa kwa uzito. Baada ya robo karne sitegemei kukuta kitu. Unachonga upya, na siku hizi unachonga kwenye kompyuta kwanza, kisha kila kijisanamu kinakwenda kwa mwenye leseni kukaguliwa: pua, pindo la joho, namna upanga unavyoshikwa.

Karatasi nayo ina mambo yake. Mchapishaji mmoja mdogo aliwahi kuniletea boksi la mchezo wa miaka ya tisini akasema faili zimepotea, basi tuskani tu nakala hii safi. Nilimwonyesha karata moja chini ya kioo cha kukuzia. Picha iliyochapwa si picha. Ni vitone vya rangi nne, samawati, waridi kali, njano na nyeusi, kila rangi ikiwa imelazwa kwa pembe yake, na jicho ndilo linalovichanganya. Ukiskani vitone hivyo na kuvichapa tena, mashine inaweka vitone vipya juu ya vya zamani, pembe zinagongana, na usoni mwa mhusika yanatokea mawimbi kama ya kitambaa cha hariri. Unaweza kulainisha picha ili mawimbi yapungue, lakini hapo maandishi madogo nayo yanayeyuka. Dawa ya kweli ni kupata faili za awali zikiwa na tabaka zake, au kupanga maandishi yote upya na kuchora upya kilichobaki. Faili za mwaka 2000 zinaweza kuwa kwenye diski ambayo hakuna mashine ya kuisoma, zikitumia fonti ambazo hakuna aliyezitunza. Na kama michoro ni mipya, si mchezo wako wa utotoni tena, na inarudi kwa mwenye leseni kukaguliwa.

Sasa hesabu, kwa kifupi maana haifurahishi. Tuseme kila boksi linatoka kiwandani kwa dola 20. Kanuni ya kukadiria katika biashara hii ni kuzidisha kwa tano, yaani dukani dola 100. Msambazaji analichukua kwa 40 hivi. Mrabaha wa leseni, tuseme asilimia 10 ya hiyo 40, ni dola 4. Zinabaki 16 za kulipia meli, ghala, matangazo, nakala zilizovunjika njiani na mishahara. Mwenye leseni pia hutaka kiasi fulani mapema, kinacholipwa hata boksi zikidoda. Mkataba ukiisha unapewa miezi michache ya kumaliza kuuza, kisha zilizobaki ghalani hazina ruhusa ya kutoka. Kwa masharti hayo, mchapishaji mwenye akili timamu huuliza: kwa nini nisilipie leseni hiyohiyo kwa mchezo mpya ambao sheria zake ni zangu? Na mara nyingi hivyo ndivyo anavyofanya.

Kwa hiyo nikiulizwa lini, huwa najibu kwa kisa cha mchezo mwingine. Mwaka 2002 haohao Daviau na Van Ness walibuni Star Wars: Epic Duels, ukatoka kwa jina la Milton Bradley, chapa ya Hasbro: mapigano ya ana kwa ana, kila shujaa na fungu lake la karata. Nao uliisha, nao ukawa wa kulanguliwa. Daviau akaondoka Hasbro, akashirikiana na Justin Jacobson kwenye Restoration Games, kampuni inayofufua michezo iliyokufa. Hawakuitumia Star Wars. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi wazo la mchezo wala namna ya kuucheza. Inalinda maneno na michoro. Waliuchukua mfumo, wakaondoa dadu la mwendo, wakaandika upya kila kitu, na mwaka 2019 ukatoka Unmatched. Boksi la kwanza lilikuwa na Mfalme Arthur, Alice, Medusa na Sinbad, watu ambao hakuna anayekudai mrabaha wao. Mfumo uliposimama kwa miguu yake ndipo leseni zikaja zenyewe, Jurassic Park ikiwemo mwaka 2020.

Naupenda Unmatched kuliko mama yake, nikisema ukweli. Lile dadu lilikuwa likiharibu mipango mizuri.

Basi wengine wamenirukia: si wafanye hivyohivyo kwa The Queen's Gambit? Nimelitafakari sana hili, na nina wasiwasi. Epic Duels ni pigano. Pigano linahama kirahisi, mtoe Vader umweke Medusa. Huu mwingine ni hadithi iliyogawanywa sehemu nne ambazo kila mtu aliyeiona filamu anajua zinaungana wapi. Anakin akifanikiwa angani, droidi zinapoteza nguvu uwandani. Huhitaji kumweleza mtu, anajua. Uking'oa filamu unabaki na bao nne zenye kanuni ya ajabu kati yao.

Nilijaribu hata hivyo. Nilitengeneza mfano wa karatasi kwa vipande vya michezo mingine: mji uliozingirwa, jeshi la wakulima nje ya ukuta, kikosi kinachopanda mnara, wapiganaji wawili darajani, na mpiga mbizi mmoja anayekwenda kukata mnyororo wa bandari. Karata nne kifudifudi, kama kawaida. Saa ya kwanza ilikwenda vizuri hadi nikaanza kujisifu kimoyomoyo. Kisha rafiki yangu, ambaye hajawahi kuucheza ule wa asili, alisimama na karata mkononi akautazama ubao wa daraja.

"Hawa wawili, bwana," akasema, "wanagombana nini hasa?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Jibu lote nililokuwa nalo lilianza na Darth Maul.