Usisubiri giza totoro kupiga picha daraja lenye taa

Wengi husubiri giza liingie kabisa ndipo watoe kamera, wakiamini hapo ndipo taa za daraja hupendeza zaidi. Kwa macho, sawa. Kwa kamera, giza hulimeza daraja: nguzo na nyaya hupotea, anga huwa jeusi tii, na kila taa hubaki doa jeupe lisilo na umbo.

Wakati wenyewe ni mfupi, kama dakika 15 hadi 30 baada ya jua kuzama, anga likiwa bado na buluu iliyokolea. Mwanga wa anga na ule wa taa hukaribiana nguvu, kwa hiyo kamera huweza kuinasa yote miwili. Karibu na ikweta muda huo hupita upesi, maana jua hushuka karibu wima. Fika mapema.

Na usikimbilie kupandisha ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga; picha itajaa chengachenga. Iache 100, kamera ikae kwenye stendi ya miguu mitatu, tundu la lenzi liwe f/8, na shata, yaani pazia linaloingiza mwanga, ibaki wazi sekunde kadhaa. Magari yatageuka michirizi ya mwanga. Ila usisimame juu ya daraja lenyewe: lori moja likipita, daraja linatikisika, na picha imeharibika. Mimi hushuka ukingoni.