Je, wajua kwa nini mhudumu wa ukumbi humulika miguu yako?

Usher, yule mhudumu anayepokea watu kwenye kumbi za sinema na maonyesho, kazi yake ilianza mlangoni kabla ya kufika kwenye viti. Jina lenyewe asili yake ni Kilatini, ostium, yaani mlango, likapitia Kifaransa cha kale. Na mlangoni ndipo penye shughuli hadi leo, kwa sababu anayetoka kwenye mwanga akaingia gizani huwa karibu kipofu kwa muda.

Wengi huamini jicho huzoea giza kwa kupanua mboni, basi. Mboni hupanuka kweli, tena ndani ya sekunde chache. Lakini piga hesabu: ikitoka milimita 2 ikafika 8, eneo lake limeongezeka mara 16 tu, na kwa mzee hata hizo 8 hazifiki. Jua la mchana huishinda mbalamwezi kwa zaidi ya mara laki tatu. Mara 16 haifui dafu hapo. Tena kama mboni ndiyo ingekuwa siri, ungeona vizuri kabla hujapita safu ya pili, na hakuna ambaye angekalia mapaja ya mtu asiyemjua.

Kazi kubwa hufanyika kwenye retina, utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea mwanga. Seli fimbo, zinazoona gizani, zina kemikali iitwayo rodopsini, nayo huvunjwa na mwanga. Ichukulie kama maji ya kisima: ndoo hukikausha upesi, chemchemi hukijaza polepole, na kumhimiza anayechota hakuiharakishi chemchemi. Seli koni, za rangi na mwanga mwingi, hurudi katika hali yake kwa dakika 10 hivi, ila gizani hazifai sana. Fimbo huhitaji dakika 30 au zaidi. Hizo ni namba za maabara, baada ya jicho kumulikwa mwanga mkali. Taa za mapokezi hazikaushi kisima chote, kwa hiyo dakika chache hutosha kuiona njia.

Ndiyo maana mhudumu anayeijua kazi hutangulia, tochi ameielekeza chini nyuma yake, ikimulika hatua moja mbele ya miguu ya mgeni. Kwenye ngazi husimama kando akamulika ukingo wa kidato. Akimulika uso, mgeni anaanza upya, na safu nzima iliyokwisha kuketi inaanza naye. Mwanga mwekundu ni nafuu, kwa kuwa fimbo haziuhisi sana, mradi usiwe mkali. Waliochelewa huzuiwa hadi makofi, kisha huingizwa kwa mafungu. Wangojee penye taa hafifu. Kuwasimamisha chini ya taa kali halafu kuwafungulia mlango ni kuupoteza bure muda wote waliongoja.

Pasipo mhudumu, funika jicho moja dakika chache kabla ya kuingia, kwani kila jicho huzoea giza kivyake. (Wanaosema maharamia walivaa kitambaa jichoni kwa ajili hiyo hawana ushahidi wa maana.) Na kidato usikikodolee macho: kitovu cha retina hakina fimbo hata moja, hivyo utakiona vizuri zaidi ukitazama kando yake kidogo.