Benki haikutoka mtoni

Kuna maelezo yanazunguka hapa Mwanza, kwenye semina za ujasiriamali, kwenye makundi ya WhatsApp, na hata madhabahuni siku ya harambee. Yanasema neno la Kiingereza 'bank' maana yake ya kwanza ni ukingo wa mto, na kwamba nyumba ya fedha ilipewa jina hilo kwa sababu fedha ni maji yanayotiririka. Si unaona, 'current' ni mkondo, 'currency' ni fedha, na kazi ya kingo ni kuuelekeza mkondo uende kwa mwenye shamba. Hapo msemaji hunyamaza kidogo ili watu wapige makofi, na watu hupiga. Nimeyasikia mara nyingi mno, na siku hizi nayasikia hata kwa watu waliosoma Kiingereza hadi chuo kikuu.

Maana zenyewe ni nyingi, basi tuzipite haraka. 'Bank' ya fedha tunaijua sote. Ipo ya ukingo wa mto. Ipo ya kitu kilichoinuka kama tuta, uwe udongo, theluji, au yale mawingu mazito yanayojipanga juu ya ziwa kabla ya mvua. Baharini ni pale sakafu ilipoinuka, kina kikawa kifupi na samaki wakajaa. Grand Banks, nje ya kisiwa cha Newfoundland huko Kanada, ndiyo maarufu kuliko zote, na mvuvi wa Ukerewe angeielewa bila kufungua kamusi. Ndege ikikata kona angani na kulalia bawa moja, nayo inaitwa hivyohivyo. Safu ya swichi zilizopangwa pamoja ni 'bank'. Kumtegemea mtu kwa uhakika ni 'bank on'. Kisha ipo maana ya akiba ya kitu chochote, ambayo nasi tumeichukua: benki ya damu, benki ya mbegu, pawabanki ya simu. Visawe vinabadilika kila maana inapobadilika. Kwenye akiba utapata 'reserve' na 'store', kwenye udongo 'mound' na 'ridge', kwenye maji 'side' na 'shore', na hili la mwisho nina ugomvi nalo huko mbele. Kibubu wao wanakiita benki ya nguruwe. Hapo tumewashinda.

Sasa asili. Benki ya fedha imetoka katika neno la Kiitaliano 'banca', au 'banco', ambalo ni benchi, na pia meza ya kufanyia biashara. Katika miji ya Italia ya zama za kati mbadilishaji fedha hakuwa na jengo la vioo wala mlinzi mlangoni. Alikuwa na benchi lake sokoni, sarafu zimepangwa mbele yake, na mizani pembeni, kwa sababu kila mji ulikuwa na sarafu zake na uzito wake na ilibidi zipimwe. Ni wakala wa pesa wa Makoroboi chini ya mwavuli wake, ila hana simu. Mteja akitaka kubadili fedha alikwenda 'bencheni', na kadiri biashara ilivyokua jina la samani likawa jina la shughuli nzima. Familia ya Medici ilianzisha benki yake kule Florence mwaka 1397. Waingereza walilipokea neno hilo kupitia Kiitaliano na Kifaransa mwishoni mwa karne ya 15, na Benki Kuu yao ilipoundwa mwaka 1694 nadhani hakuna aliyekuwa akiwaza mbao tena.

Anayeona ajabu kwamba kiti kinaweza kugeuka taasisi atazame Kiswahili chenyewe. Baraza ni ile sehemu ya kukaa mbele ya nyumba, watu wanapoketi jioni kuzungumza. Leo tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Mitihani na baraza la madiwani wa Jiji, na hakuna anayeuliza kibaraza kiko upande gani. Watu walikaa mahali kufanya jambo, jambo likachukua jina la mahali. Wala hakuna aliyehitaji kutunga hadithi ya mto kulieleza baraza.

Lakini hoja inayomaliza kesi ni nyingine, na nashangaa haitajwi. Kiitaliano hakiuiti ukingo wa mto 'banca'. Kinauita 'riva' au 'sponda'. Mfaransa naye ana 'banque' ya fedha, na mtoni ana 'rive'; ndiyo maana jiji la Paris lina Rive Gauche na Rive Droite, pande mbili za mto Seine, na hazina uhusiano wowote na akaunti ya mtu. Yaani huo mfanano wa benki na ukingo, ambao semina nzima imejengwa juu yake, uko kwenye Kiingereza, si kwa watu waliolitunga jina. Mwitaliano aliyeliita benchi lake 'banca' hakuwa na mto kichwani, maana lugha yake haikumpa nafasi hiyo.

Angalia pia ukoo wake. 'Bankrupt', yaani mufilisi, ni 'banca rotta', benchi lililovunjika. Najua msemaji mahiri atarukia hapo: kingo zikibomoka maji yanamwagika, mtu anafilisika! Ni tamu kusikia, ila 'rotta' imeshikamana na 'banca' ya Kiitaliano, na tumeshaona 'banca' si ukingo. 'Banquet', karamu kubwa, imetoka kwenye 'banchetto', benchi dogo. Halafu kuna neno ninalolipenda kuliko yote katika ukoo huu, 'mountebank', kutoka usemi wa Kiitaliano wa kumwambia mtu 'panda juu ya benchi'. Lilimhusu yule muuza dawa wa sokoni aliyepanda benchini ili aonekane vizuri, akasimulia visa vya kuvutia, watu wakacheka, wakanunua. Sisemi kitu.

Kiswahili kimepata bahati ya kuwa na ndugu wawili wa ukoo huu. Benki tuliichukua kwa Waingereza, na benchi pia. 'Bench' yao ni ya nyumbani kwao tangu Kiingereza cha kale, na 'banca' Waitaliano waliipata kwa makabila ya Kijerumani, ambayo lugha zao ni za ukoo mmoja na Kiingereza. Maneno hayo mawili yaliachana huko kaskazini ya Ulaya, moja likazungukia Italia na kurudi na fedha, jingine likabaki la kukalia, na leo yamekutana hapa kwetu kwa mtu aliyekaa benchi akisubiri foleni benki.

Na ukingo wa mto? Huo una njia yake. Uliingia Kiingereza kutoka lugha ya watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza, na unaonekana katika maandishi tangu kama mwaka 1200, miaka karibu 300 kabla Waingereza hawajaipata ile ya fedha. Maana yake ya msingi ilikuwa tuta. Mkulima wa viazi vitamu wa Usukumani anayelima matuta kila msimu anaijua maana hiyo kwa jembe lake. Mto ukipita muda mrefu pande zake huinuka na kuonekana kama matuta mawili yenye maji katikati, ndipo jina likahamia kwenye ukingo.

Ukirudi nyuma zaidi, kabla ya maandishi ya lugha hizo, wataalamu wanaziunganisha 'bank' zote mbili, pamoja na 'bench', katika mzizi mmoja wa Kijerumani wa kale, uliohusu kitu kilichoinuka juu ya usawa wa mahali. Kikiwa cha mbao ukakikalia, ni benchi. Kikiwa cha udongo, ni tuta. Basi msemaji wetu anaweza kushangilia kwamba nilichokikana nimekikubali. Ningemwomba asishangilie mapema. Watu wawili kuwa na babu mmoja hakumfanyi mmoja kuwa baba wa mwenziwe, na undugu huo ulikuwepo kabla ya mtu yeyote kufikiria kuita mahali pa fedha kwa jina hilo.

Kuna nusu ya maelezo yake iliyo kweli, na ni haki kumpa. 'Current' na 'currency' kweli zimetoka pamoja katika neno la Kilatini 'currere', kukimbia. Fedha inaitwa hivyo kwa sababu inapita mkono hadi mkono. Sisi nasi tunasema mzunguko wa fedha. Nadhani nusu hiyo ndiyo inayoibeba ile nyingine. Anayetilia shaka akifungua kamusi kwenye 'currency' anakuta ni kweli, anaifunga, na hafiki kwenye herufi B.

Ugomvi wangu na 'shore' ni huu. Kwa sababu watu wameshaamini 'bank' ni ukingo wa maji yoyote, vibao na matangazo ya hapa mjini yanaandika hoteli fulani iko kwenye 'bank' ya Ziwa Victoria. Mto una kingo mbili na maji yake yana mwelekeo. Ndiyo maana Kiingereza kinaweza kuzitaja kwa mikono: unatazama maji yanakoelekea, iliyo kuliani kwako ni 'right bank', iliyo kushotoni ni 'left bank', haijalishi umetokea upande gani. Simama kwenye daraja la Mto Mirongo ukitazama maji yanakoelekea, ziwani, utaweza kuzitaja zote mbili. Kisha jaribu kufanya hivyo kwa ziwa. Ziwa Victoria lina karibu kilomita za mraba 68,800, limezungukwa na nchi tatu, na halina kulia wala kushoto. Kinachozunguka maji namna hiyo ni 'shore'.

Daraja linaweza kumdanganya mtu hapa. Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kilomita zipatazo 3, na anayelivuka huhisi amevuka mto, kwa hiyo pande zake ni 'banks'. Lakini ile ni Ghuba ya Mwanza, ni ziwa lilelile limeingia nchi kavu. Kigongo ni 'shore' na Busisi ni 'shore'. 'Beach' nayo ni sehemu tu ya 'shore', ile yenye mchanga au changarawe ya kukanyaga. Jiwe la Bismarck na miamba mingi ya mji huu iko kwenye 'shore' lakini si 'beach', isipokuwa katika karatasi za idara za uvuvi kuzunguka ziwa hili, ambako mwalo wowote ni 'beach' hata kama ni mawe matupu. Hiyo ni lugha ya kazi, waachwe nayo. 'Coast' ni ya bahari.

Na hapo kwenye 'coast' ndipo makosa hurudi kwenye Kiswahili, maana utasikia mtangazaji akisema 'pwani ya Ziwa Victoria'. Pwani ni mahali maji yanapokupwa. Bahari hujaa na kupwa kila siku, ina bamvua na ina maji mafu, na anayeishi Bagamoyo hupanga kazi zake kwa kufuata hayo. Ziwa letu lina mawimbi, lina upepo wa kuzamisha mtumbwi, na kina chake hupanda na kushuka kwa misimu. Mwaka 2020 lilipanda hadi kuingia majumbani mwa watu. Lakini halikupwi kama bahari, kwa hiyo halina pwani. Lina ufukwe, lina kando yake, lina miamba yake, na pale mitumbwi inapofikia na dagaa kushushwa lina mwalo, kama Mwaloni Kirumba.

Vijana wa semina sina kinyongo nao. Shauri la kuweka akiba ni zuri, na linasimama hata kwenye benchi. Kuhusu vibao, nakiri zipo kamusi za Kiingereza zinazoruhusu 'bank' hata kwa ziwa, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kung'oa kibao kizima kwa neno moja. Siku rangi ikianza kubanduka na fundi akaitwa kukiandika upya, mwambieni aweke 'shore'.